Mkono wa Mke wa Mchungaji

Dada mpenzi Thirza,

Maboga yameiva, theluji bado. Kuku uliyeniachia anataga vizuri.

Shemeji yako Asahel kumbukumbu zimemtoka. Jumapili alimbatiza mtoto wa shemasi Pratt, akaketi, kisha akainuka tena: "Haya, mleteni mtoto nimbatize." Mtoto mwenyewe bado kichwa kimelowa!

Unajua kanisa letu halina askofu. Waumini ndio wanaomwajiri mchungaji, na ndio wanaomwondoa, kwa kunyoosha mikono. Jana shemasi Pratt akauliza, "Nani anataka mchungaji wetu apumzishwe?" Hakuna aliyenyoosha. Wanampenda mno. Wote wakanigeukia mimi, maana nami ni muumini. Nikanyoosha mkono, Thirza. Ndipo mikono yote ikapanda.

Nyumba hii ni ya kanisa, tunatakiwa kutoka. Tupokee, dada yangu, nakusihi, hata jikoni tutalala. Sina mwingine wa kumwomba.

Jana tulipokuwa tunarudi kutoka kanisani, Asahel alinishika mkono uleule akasema, "Maskini mchungaji yule waliyemwondoa, Lavinia. Hivi hana mke wa kumtetea?"

Mdogo wako,
Lavinia