Besi na Kijiko cha Chai

Naivasha, Jumamosi

Mama Zuhura,

Salamu kwako na kwa watoto. Mimi mzima, ila kaka yako ananimaliza.

Tangu asubuhi tulikaa kwenye mashua ya kuazima, jua likituchoma utosi, ziwa limetulia kama uji uliopoa. Besi, yule samaki aliyeletwa na Wazungu, hatukumwona hata mkia. Kila nikisema tusogee kwenye kivuli cha matete, Idi ananijibu, "Shemeji, tulia. Samaki hapendi haraka." Samaki hapendi haraka! Na mimi je?

Adhuhuri mashua ikawa imeelea yenyewe hadi karibu na matete. Idi akamimina chai, akakoroga, kijiko kikamponyoka. Kikazama kikimetameta kando ya matete, na besi mkubwa akachomoka kivulini akakidaka, akatokomea nacho. Nikageuka nimwambie, "Si nilikwambia?" Kumbe keshachukua kijiko cha pili, anakitoboa kwa msumari apate kukitia ndoano!

Basi tumepata besi watatu, wanene kweli. Wa nne alikata mshipi akaenda na kijiko. Sasa Idi anamwambia kila mtu hapa ufukoni kwamba kile cha kwanza alikidondosha makusudi.

Kesho jioni tutafika, tafuta nazi. Ila usilifungue kasha la vijiko vya wageni, vile vya mama yako. Aliyevibeba ni kaka yako, si mimi. Watu wa posa ya Zuhura wakija, wawili kati yao itabidi wanywe chai bila sukari.

Wako anayekuwaza,
Baba Zuhura