Wawira Wawili, Herufi Moja

Baba mpendwa,

Salamu kutoka huku Turkana. Natumaini hapo Karurumo mmepata mvua ya kutosha na kahawa imeanza kuchanua. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu tunakatika kila mara kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe, ndiyo maana naandika.

Tangu uniambie mama yako, cucu wangu, hatoki tena kitandani, sina hamu ya chakula. Walimu wenzangu wana familia zao. Mimi masomo yakiisha narudi chumbani, nafunga mlango, na hakuna anayetaja jina langu mpaka asubuhi. Huku mimi ni mwalimu tu. Wewe peke yako huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, na sikujua ningelikosa neno hilo kiasi hiki.

Juzi nilikuwa nafundisha kidato cha pili hesabu za umri. Nikatunga swali: umri wa bibi Wawira ni mara nne ya umri wa mjukuu wake Wawira, baada ya miaka minane utakuwa mara tatu. Kila mmoja ana miaka mingapi? Nikageukia ubao, nikaandika w = 4w bila kusita.

Akiru, msichana wa dawati la mbele, akasema, "Mwalimu, hapo w ni sifuri. Huyo mtoto hajazaliwa."

"Hata bibi yake bado," mwingine akadakia.

"Kwetu hao wana jina moja," nikajitetea.

"Jina sawa, mwalimu," akasema Akiru. "Lakini miaka kila mtu ana yake."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Nikafuta, mjukuu akawa x na bibi 4x. Baada ya miaka minane, 4x + 8 = 3(x + 8), yaani 3x + 24. Mjukuu ana kumi na sita, bibi sitini na minne. Ndipo nikaona kwamba sikutunga chochote. Ndiyo miaka tuliyokuwa nayo mimi na cucu nilipokuwa kidato cha pili. Sasa nina ishirini na minne, naye sabini na miwili.

Akiru akauliza, "Na lini atakuwa mara mbili yake?"

Nikapiga hesabu nimesimama: nikiwa na arobaini na minane, yeye tisini na sita. Nikawaambia wamalizie wenyewe, nikaketi. Kila mwaka zile mara zinapungua, Baba, kama kwamba namkaribia, kumbe tofauti yetu haijasogea hata kidogo.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniomba nibaki likizoni nifundishe darasa la mtihani, na akaahidi kunipendekeza kwa nafasi ya kudumu. Nilikuwa nimekubali bila kukuambia. Jana nilimwendea nikamwambia naenda nyumbani kumwona bibi yangu.

"Si ungengoja Desemba?" akauliza.

Nikasema Desemba ni mbali. Hakukasirika, ila nadhani nafasi hiyo itamwendea mwingine. Najua ulivyotamani niajiriwe kwa kudumu. Nivumilie.

Nisalimie Mama, shangazi anayemwogesha cucu, na ndugu yangu Munene. Shule zikifungwa tu nitaondoka. Cucu msimwambie lolote. Unamjua: akisikia naja, ataanza kukataa chakula, aningoje tule pamoja.

Ni mimi mwanao,
Wawira