Maiki Ngapi?

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi yangu, na wanangu hao wawili? Mgongo umepoa, au bado unabeba magunia ukijidai kijana? Mimi nipo. Nakula, nalala, naamka.

Barua yako nimeipata. Unasema mume wangu yuko kwako mwezi wa pili sasa, anajuta, anataka kurudi, nawe unauliza umpe jibu gani. Nimeisoma mara tatu nikingoja moyo uniambie kitu. Haukusema. Sina hasira, Kaka, wala uchungu. Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Basi ngoja nikupe habari za kazi. Tangu aondoke na miksa yetu, kile chombo cha kuchanganyia sauti, na maiki zote mbili, nimekuwa nikipiga muziki kwenye sherehe kwa kompyuta na waya mmoja. Wimbo ukiisha, kimya, watu wananikodolea macho. Wiki mbili zilizopita nikasema liwalo na liwe, nikaenda dukani.

Muuzaji, mzee mmoja miwani haimkai puani, akanionyesha kontrola, kile kibao cha vitufe na visahani viwili cha kuendeshea programu ya muziki. Zipo zenye miksa humo humo. Nikakataa. Nataka kila kifaa peke yake, kimoja kikifa kingine kiendelee. Nikafumba macho nikapapasa kitufe kimoja kimoja, maana ukumbini taa huzimwa. Akaniuliza, "Dada, unanunua kontrola au unachagua parachichi?" Zamani ningecheka.

Tulipofika kwenye miksa, maana kila moja ina matundu yake ya kuchomekea maiki, akauliza, "Maiki ngapi?" Mdomo ukajibu wenyewe: mbili. Miaka tisa ilikuwa hivyo, moja yake ya kusherehesha, na moja yangu ambayo hakuwahi kuiwasha. Alikuwa akisema bila mdomo wake watu watarudi makwao. Nikafika mlangoni na boksi langu, nikasimama. Nikarudi nikamwomba mzee wa watu anibadilishie. Akasukuma miwani juu, akanibadilishia.

Jumamosi nilipiga kwenye sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu. Chakula kikaiva, wa kutangaza hakuna. Nikapandisha sauti ya maiki yangu mpya, nikasema, "Jamani, chakula tayari, wazee watangulie." Wakainuka, wakaenda kula. Kumbe ndiyo hayo tu! Miaka tisa, Kaka, nilikuwa natishiwa hayo tu. Nikarudisha muziki. Ila nilipokaa nikagusa shavu, nikalikuta limelowa, sijui tangu saa ngapi.

Nisalimie wifi, mwambie viatu vilinitosha. Wanangu wabusu, yule mdogo mara mbili. Mjomba fundi bomba anakusalimu, na bado anaulizia ngazi yake.

Mume wangu naye msalimie, mtu hanyimwi salamu. Akikuuliza nimejibu nini, mwambie nimenunua miksa. Namjua, atauliza ina maiki ngapi.

Mwambie moja.

Mungu akulinde wewe, nyumba yako na huo mgongo.

Ni mimi wako, nikupendaye siku zote,
Kitindamimba.