Ganzi Niliyomficha Mama

Mpendwa dada,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Tangu jana nikikaa sihisi nilipokalia. Ganzi imeshika matako, mapaja kwa ndani, mpaka sehemu za siri. Na leo mchana mkojo umenitoka bila kujua; nimeshtukia tu sketi imelowa.

Nimekuandikia meseji mara tatu, nikafuta. Simu yako shemeji naye huishika.

Unakumbuka Jumamosi zetu na klabu ya jogging, tukipanda miamba ya hapa Ilemela? Siku moja ulisimama umeshika kiuno, yule mama anayeongoza nyimbo akakutania, “We binti, mgongo huo umeazima kwa bibi yako?” Tulicheka mpaka tukakaa chini. Jumatatu ulikuwa mzima.

Ndiyo maana mgongo wangu ulipoanza kuuma, wiki mbili zilizopita, nilisema ni kama wako. Mama naye, akinikanda kwa maji ya moto: “Mgongo wa mbio huo. Dada yako si alipona?”

“Alipona, mama.”

Sikumwambia maumivu yameshuka miguu yote miwili, wala kwamba kandambili ya kushoto inachomoka nikitembea. Jioni hii amenikanda tena, akashusha kitambaa mpaka matakoni. “Yanaunguza?” Nikasema ndiyo. Dada, sikusikia kitu.

Na ninajua! Nesi alikuja shuleni akatufundisha: mgongo wa mkimbiaji mara nyingi hupona wenyewe, lakini ukiona ganzi sehemu ya kukalia, miguu inalegea, mkojo haushikiki, basi mishipa ya fahamu inabanwa, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Niliandika yote kwa Kiingereza, nikapata alama zote. Kwa Kiingereza yalikuwa majibu ya mtihani. Kwa Kiswahili ni mwili wangu, na mdomo unagoma. Naogopa mama atadhani nimekuwa na mvulana.

Nasimama, nakaa, nasimama tena. Ungekuwepo ungeniangalia tu usoni ukajua. Lakini uko Geita, na mimi jana nimeshaipoteza.

Nasikia miguu ya mama barazani. Mkono umeshaanza kusukuma karatasi chini ya godoro. Hapana. Naiweka kitandani, maandishi juu. Nikishindwa kusema, asome.

Usilie ukisikia, dada. Anashika kitasa.

Mdogo wako