Nilimtilia Hawe Bangi Kwenye Mchunga

Mpendwa mshauri Bi Safaa, shikamoo. Niite Kalume, jina la kweli ni zito mno kwa gazeti. Kutoka Malindi mjini mpaka huku kwetu Kakuyuni hakuna daktari anayenishinda, na shule niliiacha kidato cha pili, sasa fikiria ningemaliza, hospitali zingefungwa kwa kukosa wagonjwa. Lakini leo naomba msaada, nimekwama.

Hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, amepita miaka themanini na mimi ndiye ninayempikia na kumfulia, wajukuu wengine wako Mtwapa wanatuma salamu. Mwaka huu alianza kusahau, mara atie chumvi kwenye chai, mara aniulize mimi ni wa nani, nikimwambia anacheka, "Uwongo, mbaya hivi si wetu!" Basi nikaona kwenye simu kwamba wataalamu walimpa panya mzee kitu cha bangi akaikumbuka njia yake, nikasema panya amepona, sembuse hawe? Nilipoipata usiniulize. Nikaichemsha ndani ya tui zito la nazi, nikamuungia mchunga, mboga iliyo chungu yenyewe, hata malaika hangejua.

Siku ya kwanza alikula, akalala, akaniimbia. Nikajipigia makofi. Siku ya tatu alipokula nikangoja kidogo, nikaona hakuna kitu, nikamwongeza, kisha nikaenda zangu kucheza karata. Mchana huohuo akatoka, akaenda kwa jirani yetu Laban, akakaa mlangoni, macho mekundu kama pilipili, akimwita mtoto wa Laban aliyekuwa na homa, "Inuka twende, wanatungoja." Jioni mtoto akashikwa na degedege. Amepona, ilikuwa malaria, lakini nani anasikia? Hapa kwetu mzee mwenye mvi na macho mekundu hukumu yake inajulikana: ni mchawi. Vijana wamekuja kusema hawe ahame, au watamhamisha wao kwa panga.

Baba mdogo Kalama akatukusanya, akaniuliza mbele ya wote, hawe amekaa papo hapo, "Kalume, wewe ndiye unayempa chakula. Alikula nini siku ile?" Bi Safaa, mimi nisiyekosa jibu, nikasema hakula kitu, labda ni kweli wanayosema.

*

Marahaba, Kalume. Umenichekesha, kisha ukanikata maini. Kijana anayemfulia nyanya yake simwiti mbaya. Lakini hawe si panya wa maabara, na muuguzi wa zahanati yenu angekukataza kabla hujakuna nazi.

Bangi ina vitu vingi ndani yake. Kipo kinacholevya, THC, na kipo kisicholevya, CBD. Majaribio yapo, mengi ni ya panya, na hakuna aliyethibitisha kwamba vinamrudishia mzee kumbukumbu. Ubongo wa mzee anayesahau hulemewa upesi: huchanganyikiwa, huona wasiokuwapo, huanguka. Tena ikiliwa huchelewa kupanda, ndiyo maana ukadhani hakuna kitu ukaongeza. Macho yale uliyafanya mekundu wewe.

Sasa nisikilize. Imwage sufuria hiyo. Hawe atoke hapo leo, aende kwa hao wa Mtwapa, salamu zao tumezichoka. Akishaondoka, mshike baba yako mdogo, mpitie kwa chifu, mfike wote kwa Laban, useme kwa mdomo wako ulipika nini na siku gani. Utatukanwa. Huenda ukachapwa, huenda bangi hiyo ikakuweka ndani. Mwanangu, hayo yote yana mwisho, panga likishapita halina. Kisha hawe aonwe na daktari, naye umweleze kuhusu bangi na dawa zozote anazomeza. Kusahau huko ni maradhi, si uchawi. Huenda kusiondoke, lakini kunaangaliwa, na anayeuguzwa kwa upole huishi vizuri.

Kuijibu barua yako sikungoja siku ya gazeti. Nambari uliyoandika chini nimeipiga mara tatu, inaita, hupokei. Ninapiga tena sasa hivi. Pokea.