Matofali ya Mama Yako Yamekuwa Uwanja

Nyumba ya kona,
nyuma ya shule ya msingi.
Jumapili, 9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla sijafika kwenye lililoniketisha mezani mchana huu, niambie kwanza: hujambo? Mkeo hajambo? Na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha, au bado kinawakosesha raha? Sisi huku tu wazima. Mke wangu analalamikia goti, mimi nalalamikia macho. Ukituunganisha unapata mtu mmoja mwenye afya njema.

Barua yako ilifika salama. Uliniomba niende nikakitazame kile kiwanja alichokuachia marehemu mama yako, pale alipokuwa akichoma matofali, kisha nimweleze kocha wa tenisi anayekitumia kwamba umepata mnunuzi, hivyo ahame na watoto anaowafundisha. Mnunuzi anataka kujenga maghala na anangoja jibu kabla ya mwezi kwisha. Nakuelewa. Umechoka kupanga, na mtu mwenye watoto anastahili mlango wake mwenyewe. Jumanne nilitoka hapa nikiwa nimeyapanga vizuri maneno ya kumwambia. Sijui yalidondokea wapi.

Unalikumbuka lile lundo la matofali yaliyopasukia tanurini, ambalo mama yako alikuwa akilitukana kila asubuhi? Nililitafuta nisilione, mpaka nikagundua kwamba nimesimama juu yake. Wamelitwanga lote, wakalichekecha, wakalitandaza na kulishindilia. Sasa ni uwanja wa tenisi, mwekundu, wenye mistari ya chokaa, umesawazika kama meza.

Niruhusu nieleze kidogo, maana mwalimu hastaafu mdomo. Unga wa tofali lililochomwa hunyonya maji bila kugeuka tope, tofauti na udongo mbichi. Mpira ukitua hapo hupunguza mwendo na kuinuka juu, kwa hiyo mtoto hupata muda wa kufikiri. Tena huacha alama. Mkibishana kama mpira umetoka nje, mnakwenda pamoja mnaitazama, mambo yanaisha. Nilichuchumaa nikachota unga kidogo kiganjani. Hiyo ndiyo kazi ya mikono ya dada yangu, mpwa wangu, ile aliyokuwa akiiita hasara.

Kocha mwenyewe ni mwanamke mrefu mwenye kofia iliyopauka. Alicheza tenisi shuleni, kisha akaendesha malori mpaka mgongo ukamkatalia. Watoto wanamwita Breki, kwa sababu mtoto akiukimbilia mpira ovyo, yeye hupaza sauti, "Breki! Simama kwanza, ndipo upige!" Alianza kwa kuja hapo jioni kupiga mpira ukutani, peke yake, kuunyoosha mgongo. Watoto wakaja kumwokotea mipira, halafu wakaomba nao wajaribu. Ndipo alipokupigia simu, ukamwambia atumie mpaka utakapokihitaji. Anayakumbuka maneno yako yote.

Baada ya hapo mtaa ukaingia. Fundi wa kuchomelea akatengeneza nguzo za wavu kwa mabomba chakavu. Fundi cherehani akashona utepe wa turubai juu ya wavu. Wengine wakatwanga matofali kila Jumapili, na hadi leo hakuna ada: mtu mzima anatoa zamu ya kumwagilia au kufagia. Nilimkuta muuza nyama na ufagio mkononi, aproni bado kiunoni, nikamwuliza mtoto wake ni yupi.

"Sina mtoto hapa, mwalimu," akanijibu. "Nilikuja siku moja kuwafokea, kelele zao zimenizidi. Wakanipa ufagio."

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Mwanzoni raketi zilikuwa chache, watoto wengi. Wakapanga foleni: unapiga mara moja, unamkabidhi raketi aliye nyuma yako, mkononi kwake, si kuiacha chini, kisha unasimama kando umtazame anavyopiga. Leo raketi zinatosha, lakini Breki amekataa kuuacha utaratibu huo. Anasema anayekabidhi hujifunza kumwangalia mwenzake, na anayeangaliwa hapigi ovyo.

Foleni ya Jumanne ilikuwa na binti mdogo kuliko wote, wanamwita Nukta. Zamu yake ilipofika, mpira ukaishia wavuni. Akamkabidhi raketi msichana aliye nyuma yake, na nikaona macho yake yamejaa. Yule msichana hakupiga. Alimrudishia raketi. "Chukua yangu," akamwambia. Nukta akapiga tena, wavuni tena. Aliyefuata naye akasema, "Na yangu." Hakuna aliyecheka, hakuna aliyehema kwa kuchoka. Foleni nzima ilitoa zamu zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mpira ukauvuka wavu kwa shida, ukatua ng'ambo kama kitu kilichochoka. Nikapiga makofi bila kujua. Katika maisha yangu yote ya ualimu nimehubiri upendo darasani, wala sijawahi kuuona umesimama kwenye mstari namna ile.

Basi siku hiyo nikarudi nyumbani bila kumwambia lolote.

Jana nikaenda tena, nimekaza moyo. Nikakuta wamealika watoto wa klabu moja kubwa, wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi. Mabinti zetu wawili walicheza pamoja upande mmoja, na walikuwa wanaongoza. Yule wa nyuma akapiga mpira mzuri ajabu, na kwa mazoea akanyoosha mkono akamkabidhi mwenzake raketi. Mwenzake naye kwa mazoea akaipokea! Sasa mmoja ana raketi mbili, mwingine mikono mitupu, na mpira huo unarudi kwa asiye na kitu. Akaudaka.

"We, raketi unauza?" akapiga kelele mmoja wa wageni.

"Hauzi, amegawa urithi!" akajibu muuza nyama.

Tulicheka mpaka machozi, wachezaji wenyewe wamekaa chini. Mabinti zetu walipoteza pointi ile, na mwishowe walishindwa. Lakini mchezo ulipokwisha, wale wageni wa nguo nyeupe waliomba wafundishwe foleni, na walipoondoka walikuwa wekundu mpaka magotini.

Hapo ndipo nilipomwita Breki kando nikamwambia ukweli wote.

Hakubisha wala hakulalamika. "Kiwanja ni chake, mwalimu. Ametusitiri sana, mpelekee shukrani." Kisha akaomba jambo moja tu: wapewe muda waukwangue unga wa matofali wautie kwenye magunia, kwa sababu kuutwanga upya ni kazi kubwa. "Tutaubeba uwanja wetu," akasema, kama mtu anayezungumzia viti vya kuazima.

Hatukujua kwamba Nukta alikuwa nyuma yetu na kikapu cha mipira. "Na mistari," akauliza, "tutaibebaje?"

Breki alicheka kwa sauti. Halafu akageuka, akaishusha kofia yake mpaka machoni.

Mpwa wangu, sikuandikii ili ujione una kosa. Huna. Kiwanja ni chako, na nyumba unaihitaji. Nimewaza tangu jana, na leo asubuhi nimempigia mnunuzi wako kwa namba uliyoniandikia, nikampeleka kwenye kiwanja changu cha kando ya barabara kuu, kile tulichokiweka kwa ajili ya nyumba ya uzeeni. Amekipima kwa hatua, anasema kwa maghala kinafaa hata kuliko chako, malori yatageuka vizuri. Ninaomba tubadilishane. Wewe uza changu, fedha zote ziwe zako, ununue nyumba yako huko. Mimi nipe cha mama yako, na watoto wabaki walipo. Mke wangu ameafiki. Anasema hata nyumba hii tuliyo nayo hatujawahi kumaliza kuifagia.

Breki sijamwambia, nisije nikampa tumaini lisilo langu. Nijibu mapema, ndiyo au hapana, na lolote utakaloamua utabaki kuwa mtoto wangu.

Msalimie sana mkeo, na watoto wote kuanzia mkubwa hadi mdogo. Shangazi yako wa mjini anakusalimu, na binamu yako fundi redio anauliza lini utakuja. Mungu awajalie kheri, awafungulie milango, na aiweke mikono yenu katika kazi njema.

Wako akupendaye daima,

Mjomba