Ukoko wa Maepo

Mama yangu,

Trei imerudi tupu. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza habari za trei kabla hujaitikia salamu. Imekwanguliwa mpaka pembe zinang'aa, na aliyekwangua mwisho ni Mchungaji. Sasa shikamoo, Mama.

Nikueleze tulivyofika hapo, maana tangu tulipokuzika jiko langu halikwenda vizuri. Oveni ilirudi kuwa kabati. Najua, najua. Sikukusudia. Niliingiza sufuria moja kubwa kwa kukosa pa kuiweka, nikaingiza na kikaango, kisha mifuniko, kisha ile ndoo ya aiskrimu ninayowekea maharage, na kabla majani ya miti hayajaanza kubadilika rangi mlango ulikuwa haufungi. Unakumbuka ulivyofika hapa Dixon Road mara ya kwanza? Hukuvua hata koti nililokupokea nalo uwanja wa ndege. Ulifungua oveni, ukakuta sufuria zangu zimepangana humo. "Rehema," ulisema, "umepewa tanuri ukaligeuza kabati?" Nikakujibu kwamba huku Waafrika wote wanafanya hivyo. Ukasema basi Waafrika wote wa huku wana njaa.

Ni msimu huo huo nilipokuletea kutoka kazini, kule Etobicoke ninakohudumia wazee, kibakuli cha kitamutamu chao cha maepo. Maepo yamekatwa vipande, juu yamefunikwa chengachenga za unga, oti, siagi na sukari, yakaokwa. Apple crisp, ndivyo wenyewe wanavyokiita. Ulionja kijiko kimoja ukafikiri. "Huu ni ukoko," ukasema, "ila umeogopa moto." Ukajifunga kanga kiunoni. Ukatia iliki na mdalasini, ukakamulia limao, na ukoko wako ukatoka mkavu, wa kahawia, unalia mtu akiutafuna. Tangu siku ile hakuna mtu kanisani aliyekiita chakula hicho kwa jina lake la Kiingereza. Kikawa ukoko wa maepo, Wakongo wakakubali, Warundi wakakubali, na kila Sikukuu ya Shukrani, kanisa likishukuru mavuno, trei yako ilikaa katikati ya meza.

Mwaka huu Mama Neema, ambaye bado ndiye mkuu wa jiko la kanisa, alisimama baada ya ibada akatangaza kwamba vitamutamu vitanunuliwa dukani. Alisema kwa huruma, sina neno naye. "Tusimuchokeshe mutoto, bado iko mu kilio." Lakini mimi nikaiona meza ile bila trei yako. Nikawaona watu mwakani wakisema palikuwa na mama mmoja hapa, alikuwa anapika kitu fulani, na mwaka unaofuata hawasemi kabisa. Nilijisikia kama unazikwa tena. Nikasimama. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nitapika mimi," na kanisa zima likageuka, kwa sababu wote wanajua kwamba katika nyumba yetu mimi nilikuwa mlaji. Tangu nizaliwe nilikuwa sijaoka hata mkate.

Siku ya kujaribu niliwasha oveni ipate moto huku namenya maepo. Bila kufungua mlango wake. Unacheka? Cheka. Ndoo ya maharage iliyeyuka ikashika kwenye kikaango, king'ora cha moshi kikalia ghorofa nzima ikasikia, mjukuu wako Imani akapanda kitini anapunga taulo, na mimi katikati ya moshi nikakusikia waziwazi: umepewa tanuri! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Imani akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nalia. Nilikuwa nalia pia. Lakini kicheko ndicho kilichotangulia, Mama, na kilikuwa cha kwanza tangu uondoke.

Nikasugua oveni, nikaanza upya. Siagi niliikanda na unga kama nakanda chapati, ikatoka keki ngumu ya kumpiga nayo mtu. Nikakumbuka vidole vyako vilivyokuwa vikisugua siagi baridi kwa ncha tu, harakaharaka, kama unaogopa kuungua. Hilo nikaliweza. Maepo nayo nikayaweza. Ukoko ndio uligoma. Maepo chini yanakauka, na juu unga umepauka kama mtu aliyeamka na homa. Nikaongeza muda, nikaongeza sukari, nikaongeza na maneno ambayo hukunilea niyaseme. Imani akala, akasema kwa adabu kwamba ni kizuri. Adabu hiyo ilinimaliza. Wewe hukuwahi kusifiwa kwa adabu, watu walikuwa wanagombana.

Jibu lilikuwa nyumbani Muheza, na lilinijia Jumamosi, karamu ya kanisani ikiwa kesho yake, nikiwa nafuta meza. Nikakuona uani kwetu unaoka keki ya kipaimara cha kaka kwenye sufuria, makaa machache chini, na juu ya mfuniko makaa mekundu niliyoyabeba mimi kwa kipande cha bati, jicho moja nimelifumba kwa moshi. "Palia, Rehema! Palia juu! Chini panatosha!" Nilisimama na kitambaa mkononi. Kumbe ndicho ulichokuwa unafanya hapa jikoni kwangu! Kila ukikaribia kumaliza ulikuwa unainama, unahamishia trei ngazi ya juu, unazungusha kitufe, halafu unasimama pale hutaki kusemeshwa, hata simu ya nyumbani hupokei. Miaka yote nilidhani unazima. Ulikuwa unawasha moto wa juu, Mama. Ulikuwa unapalia.

Nikamwita Imani aone ninavyopalia, nikahamisha trei, nikawasha moto wa juu, nikasimama pale pale ulipokuwa ukisimama. Simu ikalia, nikaiacha ilie. Sukari ikaanza kuchemka katikati ya chenga, rangi ikageuka mbele ya macho yangu, na harufu ya iliki ikatoka mpaka koridoni. Nilipoitoa niliigonga kwa mgongo wa kijiko kama ulivyokuwa ukifanya. Ikajibu, ko, ko. Nikapiga vigelegele. Jirani akagonga ukuta. Nikapiga tena.

Jumapili niliifunga trei kwa kanga yako ya bluu nikaenda nayo kanisani, tukaipasha moto kidogo kule jikoni. Pai za dukani zilikuwepo, maana Mama Neema hakuniamini sana, na simlaumu. Zilikaa na mifuniko yake ya plastiki mpaka mwisho, maskini. Mama Neema akachukua kijiko kikubwa, akagonga juu. Akagonga tena. Akapaza sauti, "Mukuje muone! Ni yenyewe! Ni ya mama!"

Unajua pembe ya kwanza ilikuwa ya nani. Kila mwaka uliila kwa mkono, umesimama, kabla hujamgawia mtu yeyote, ukisema mpishi hapangi foleni. Mama Neema aliikata pembe ile. Nilidhani ataiweka kando kwa heshima yako. Akaja nayo mpaka nilipo, akaniwekea kiganjani. "Ya mupishi," akasema. Mama, niliila nimesimama, mbele ya watu wote, machozi na siagi vinanitiririka mpaka kwenye kiwiko, na sikuona haya hata kidogo. Baada ya hapo walikuja kama nzige. Mchungaji alirudi na sahani ya pili akisingizia anampelekea mkewe, na mkewe alikuwa amekaa mbele yangu anakula yake.

Huyu Imani uliyemsemesha Kiswahili siku zote naye akakujibu kwa Kiingereza, njiani kurudi alipakata trei tupu mapajani. Alikuwa anatazama nje tu. Mara akasema, "Mwakani mimi ndiyo nitapalia." Kwa Kiswahili, Mama, na kwa neno lako lile lile.

Basi nakuahidi, oveni haitakuwa kabati tena. Sufuria zote sasa ziko chini ya kitanda changu, nikijigeuza usiku zinalia, lakini ndiko zitakakokaa. Na pembe ya kwanza nitaila mimi mpaka siku nitakapomkabidhi Imani kiganjani kama nilivyokabidhiwa.

Lala salama, mama yangu. Na mwakani ukisikia king'ora cha moshi huko uliko, usihangaike kuinuka. Ni mjukuu wako, anapalia.

Mwanao,
Rehema